Cheti cha polisi kwa mwalimu anayetaka kufundisha ng'ambo, ukianzia Mtwara

Kijana akija dukani kwangu hapa Mtwara mjini kuskani vyeti vyake kwa ajili ya kazi ya kufundisha Kiingereza Vietnam, China au Uarabuni, swali lake la kwanza huwa nauli, la pili viza. Cheti cha polisi hukikumbuka mwisho, pale shule inapomwandikia kwamba imebaki karatasi moja tu. Ndipo mbio zinapoanza. Mimi nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, nikaenda kufundisha Hai Phong, Vietnam, nikarudi nyumbani kufungua steshenari. Katika yote niliyoyaona, hakuna karatasi inayokwamisha safari za walimu kama hii. Kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu, tena kwa mtu anayeanzia huku Kusini, si kwa yule wa Dar ambaye kila ofisi anaifikia kwa bajaji.

Tuelewane kwanza ni kitu gani. Cheti cha polisi ni hati ya Jeshi la Polisi inayoeleza kama kumbukumbu zao zina jinai yoyote dhidi yako, na msingi wake ni alama za vidole. Barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba wewe ni mkazi mwema wa Ligula au Chikongola haichukui nafasi ya cheti hicho. Barua ya mtendaji wa kata nayo vilevile, hata ikiwa na mihuri mitatu. Barua hizo zitakusaidia kujitambulisha ukifika polisi, lakini shule ya nje inataka hati ya ngazi ya taifa, kwa sababu mtu anaweza kuwa malaika Newala na kumbe ana hukumu Mwanza.

Wapo wanaonung'unika kwamba wanashukiwa bure. Nawaomba wajue jambo hili lilikotoka. Mwaka 2007 Interpol ilisambaza duniani picha za mwanamume aliyekuwa akidhulumu watoto, na uso wake alikuwa ameuvuruga kwa kompyuta usitambulike. Wataalamu wa polisi wa Ujerumani waliurudisha uso ule, na baada ya siku chache tu za tangazo akakamatwa Thailand. Alikuwa Mkanada, Christopher Paul Neil, na kazi yake ilikuwa kufundisha Kiingereza. Alikuwa ametoka kufundisha Korea Kusini. Kabla mwaka ule haujaisha, Korea Kusini ikaanza kudai cheti cha jinai kwa walimu wa lugha wa kigeni. Kisha mwaka 2014 ikafichuka habari ya Mmarekani William Vahey, aliyefundisha shule za kimataifa katika nchi nyingi kwa miongo kadhaa, ilhali alikuwa na hukumu ya kudhulumu watoto huko California tangu mwaka 1969. Hukumu ilikuwepo, imeandikwa, na mwalimu akaendelea kuhama kutoka shule hadi shule. Mzazi wa Hai Phong hakujui wewe wala ukoo wako. Anakukabidhi mtoto wa miaka saba kwa sababu mtu fulani amemhakikishia kwamba umechunguzwa. Mimi nilikuwa nafundisha watoto wa umri huo, na sioni kama ni haki yangu kumwomba mzazi yule aniamini hivihivi.

Basi twende kwenye kazi yenyewe.

Kabla hujatumia hata shilingi, hakikisha nchi unayoilenga inampokea mwalimu mwenye pasipoti ya Tanzania. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeskani mafaili mazuri kabisa ya vijana waliokuwa wakiomba Korea Kusini kwa viza ya E-2, ile ya walimu wa mazungumzo ya Kiingereza. Kwa kawaida viza hiyo hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania anaweza kuwa na Kiingereza kisichokwaruza, cheti safi cha polisi na shahada ya daraja la kwanza, bado mlango ule haumfungukii. Vietnam inampokea Mtanzania mwenye shahada na cheti cha kufundishia Kiingereza, ingawa shule nyingi zitakuuliza pasipoti yako kabla hazijauliza jina lako. China ina masharti yake kuhusu mwalimu kufundisha lugha aliyozaliwa nayo. Rwanda ipo karibu, na tangu mwaka 2008 iligeukia Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Na usikidharau Kiswahili, maana vyuo vya nje vinavyokifundisha vipo, na cheti cha polisi kinatafutwa kwa njia hiihii.

Nchi ikishajulikana, kaa chini na majina yako. Panga mezani kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA, cheti cha chuo na pasipoti. Soma herufi moja moja, tena kwa sauti. Huku kwetu majina yanatuhangaisha kwelikweli. Cheti cha kidato cha nne kinasema Hamisi, NIDA inasema Khamis. Mohamedi kwenye cheti cha kuzaliwa amekuwa Mohamed kwenye pasipoti na Muhammad kwenye cheti cha madrasa. Majina ya Kimakonde na Kimakua ndiyo zaidi, kwa sababu mwandishi wa Masasi aliandika Nn pale mwandishi wa Dar alipoandika Mn, au akaweka Ch mahali pa Sh. Wengine shuleni walitumia jina la babu, na NIDA wakaandika la ukoo. Kwetu sote ni mtu yuleyule. Lakini karani wa idara ya kazi kule ng'ambo, asiyejua Newala iko wapi, ataona watu wawili: mmoja ana shahada, mwingine ana cheti safi cha polisi, na hakuna kinachowaunganisha.

Kama tofauti ni herufi moja au mbili, mara nyingi kiapo mbele ya wakili kinachoeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja kitatosha; lakini waulize wanaokuajiri kabla hujalipa. Kama tofauti ni jina zima, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ndipo urekebishe NIDA, kisha pasipoti. Fuata mpangilio huo. Ukitengeneza pasipoti kabla ya kurekebisha NIDA utajikuta unalipia pasipoti mara mbili, na pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Cheti cha polisi kiandikwe kwa jina la pasipoti, herufi kwa herufi, kwa kuwa pasipoti ndiyo itakayosomwa huko uendako.

Sasa vidole. Hapa nitakaa zaidi, maana watu wa Mtwara na Lindi tuna tatizo letu ambalo maelekezo ya kawaida hayaligusi.

Alikuja binti mmoja wa Tandahimba, mwalimu wa Kiingereza mwenye shahada yake, amevaa vizuri, faili limepangika. Akanisalimu:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mbona umenyong'onyea?"

"Vidole vyangu vimekataliwa. Wameniambia havisomeki, nikarudie."

Nikamwomba anioneshe mikono. Ncha za vidole gumba na vya shahada zilikuwa nyeusi, zinameremeta, na ngozi inabambuka vipande vipande kama ganda la kitunguu. Nikamuuliza mara ya mwisho kubangua ni lini. Akasema juzi, nyumbani kwao mama yake anabangua korosho za kuuza, na yeye akiwa likizo humsaidia.

Mnaobangua mnaijua habari hii. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Hata ukipaka majivu au mafuta ya kula, yanapenya tu. Yanachoma ile mistari midogo ya ncha ya kidole, na mistari hiyo ndiyo polisi wanayoitafuta. Ukichovya wino, pale palipoungua pananakili doa jeupe, pengine katikati kabisa ya kidole. Wa kule Lindi wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi wana shida inayofanana na hiyo, na mafundi ujenzi wanaoshika saruji kila siku pia.

Habari njema ni kwamba mistari haijapotea. Umbo lake limejengwa ngozi ya chini, tangu mtoto akiwa tumboni, na ngozi ya juu ikijifanya upya mistari hurudi vilevile ilivyokuwa. Ngozi huchukua kama mwezi mmoja kujifanya upya. Kwa hiyo nilimwambia aache kubangua mwezi mzima, asishike hata ganda bichi. Kila usiku apake mafuta ya mgando kwenye ncha za vidole, na siku ya kwenda polisi asipake kitu chochote. Kuosha vyombo na kufua kwa sabuni kali amwachie mdogo wake kwa muda huo. Wanaotoka harusini niliwaambia na wao: hina na piko zisifike ncha za vidole kwa kipindi hicho. Binti yule alirudi polisi baada ya kupumzisha mikono, na vidole vikasomeka vyote kumi.

Siku yenyewe ya kuchukuliwa alama, nenda asubuhi. Joto letu la kuanzia Novemba hadi Machi linafanya viganja vitoke jasho, na jasho likikutana na wino, mistari inachanganyika. Nawa kwa maji na sabuni, kausha vizuri, kisha futa ncha kwa pamba yenye spiriti kidogo. Chupa ndogo ya duka la dawa inatosha, beba ya kwako mkobani. Ukifika mbele ya askari, legeza mkono. Watu wengi hukosea hapa kwa kutaka kumsaidia: wanabonyeza kidole wenyewe, wino unajaa, na kinachobaki ni doa jeusi. Mwache yeye akuongoze. Atakiviringisha kila kidole mara moja tu, kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi ukingo wa pili, bila kurudi nyuma. Kidole gumba huviringishwa kuelekea mwilini kwako na vile vingine kuelekea nje, kwa sababu hivyo ndivyo mkono unavyogeuka bila kukakamaa. Baada ya vyote kumi, huchukua vidole vinne pamoja vikiwa vimelala, kisha gumba peke yake. Kabla hujaondoka iangalie karatasi. Unatakiwa uone mistari, kama mifereji midogo inayojipinda. Ukiona weusi mtupu au weupe mtupu, omba kwa adabu kidole hicho kirudiwe palepale. Kurudi tena kutoka Nanyumbu au Liwale kwa sababu ya kidole kimoja kunauma.

Mwenye kovu la panga asiogope. Kovu ni sehemu ya alama zake. Aliyepoteza kidole amweleze askari ili iandikwe kwenye fomu, nafasi ile isionekane imesahauliwa.

Kwa sisi wa mikoani mahali pa kuanzia ni ofisi ya Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, ambayo kila mtu anaiita kwa RCO. Nenda na NIDA, pasipoti na nakala zake, picha za pasipoti saizi, barua ya serikali ya mtaa, na barua ya shule inayokuita au tangazo la kazi linaloitaja nchi. Taja nchi kwa uwazi. Malipo yafanyike kwa namba ya malipo ya serikali, ile ya tarakimu 12, kupitia simu au benki, na ada uiulize pale ofisini siku unayokwenda badala ya kumuuliza rafiki aliyeomba zamani. Risiti iskani siku hiyohiyo. Karatasi za mashine za benki hufutika zenyewe zikikaa kwenye pochi. Mtu akikuomba utume ada kwenye namba yake binafsi ya simu, usitume, hata kama ni ndugu wa jirani yako.

Uhakiki wa alama zenyewe unafanyika kwenye kitengo cha polisi cha uchunguzi wa kisayansi, makao makuu, siyo Mtwara. Ndiyo maana nasisitiza vidole vitoke vizuri mara ya kwanza.

Sasa kalenda, na kwa mtu wa Kusini hapa ndipo fedha inapopotea. Cheti cha polisi kina umri. Vietnam inataka cheti ambacho hakijapita miezi 6 tangu kutolewa hadi siku maombi ya kibali cha kazi yanapowasilishwa. Korea Kusini nayo ina ukomo wa miezi 6. Ukichukua cheti Desemba na shule ikakuita Julai, ulichonacho hakitumiki tena. Huku kwetu fedha huonekana wakati wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba kuendelea. Baba akishalipwa, kijana anataka amalize kila kitu kwa mpigo: pasipoti, cheti cha polisi, picha, mihuri. Namwelewa. Lakini fedha ya korosho naomba ielekezwe kwenye vitu visivyoharibika: pasipoti, ambayo hudumu miaka 10, marekebisho ya majina, kozi ya kufundisha Kiingereza, uhakiki wa cheti cha chuo. Cheti cha polisi kitengee fedha yake pembeni, iache benki, uichukue shule ikishakuandikia kwamba inakutaka.

Hesabu kurudi nyuma. Mwaka wa shule wa Vietnam huanza mwanzoni mwa Septemba. Kibali cha kazi kinahitaji muda wake, tafsiri inahitaji muda wake, mihuri ya Dar na Dodoma inahitaji muda wake. Kwa safari ya Septemba mimi ningechukua alama za vidole mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na ningejitahidi karatasi zisinihitaji barabarani wakati wa masika. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara ya Lindi kwenda Dar, mabasi yakalala njiani na vifurushi humo ndani. Aliyekuwa na bahasha ya ubalozi ndani ya basi siku zile hakuwa na la kufanya isipokuwa kusubiri.

Mihuri. Nchi nyingi zina mkataba wa mwaka 1961 wa The Hague, ambapo muhuri mmoja maalumu wa nchi ilikotoka hati unatosha kwa nchi zote wanachama. China ilijiunga na mkataba huo ukaanza kufanya kazi kwake Novemba 2023, na watu wakafurahi wakidhani ubalozi umeondoka njiani. Kwa Mtanzania haujaondoka, kwa sababu Tanzania haijajiunga, na mkataba hufanya kazi pale nchi zote mbili zinapokuwemo. Kwa hiyo njia yetu ni ile ndefu: cheti kitoke polisi, kipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki kuthibitishwa, kisha kwenye ubalozi wa nchi unayokwenda. Balozi za China na Vietnam zipo Dar es Salaam. Vietnam itataka pia kitafsiriwe kwa Kivietnam na mtafsiri anayetambulika, na kazi hiyo mara nyingi hufanyika kulekule. Shule yenye kujali hukusaidia. Usikitoboe cheti kwa stepla, usikilaminishe. Cheti kilicholaminishwa hakigongwi muhuri, na ukiibandua plastiki wino unatoka nayo. Huwa nakataa kulaminisha hata mteja akinilipa mara mbili.

Kuna jambo linalowapata wengi bila kutarajia. Shule za kimataifa huuliza umeishi wapi, si umezaliwa wapi. Nyingi zinataka cheti kutoka kila nchi uliyokaa kwa muda wa kutosha, na baadhi zinahesabu kuanzia miezi 6. Habari ya Vahey ndiyo iliyozifundisha kuuliza hivyo. Waliosoma Uganda waombe cheti chao kupitia Interpol ya polisi ya Uganda, Kampala. Waliosoma au kufanya kazi Kenya wanaomba cheti cha mwenendo mwema kupitia eCitizen. Aliyesoma Uingereza anaomba kwa ofisi iitwayo ACRO, na wao wana cheti maalumu kwa wanaokwenda kufanya kazi na watoto nje ya nchi yao. Kinapendwa sana na shule. Aliyekaa Marekani anaomba kwa FBI: ada ni dola 18, na alama zinaweza kuchukuliwa hapahapa nchini kwenye kadi yao iitwayo FD-258, ambayo unaichapisha mwenyewe kwenye karatasi nzuri na kwenda nayo. Hapo napo vidole vya korosho vinasumbua, kwa hiyo chapisha kadi mbili na umwombe askari azijaze zote, moja iwe ya akiba.

Halafu kuna Msumbiji. Familia zetu ziko pande zote mbili za Ruvuma, na wapo vijana waliokulia Mueda au Palma, au waliofanya kazi mji wa Pemba, ule wa Msumbiji, miaka kadhaa kabla ya kurudi. Kama shule inakuuliza na wewe umekaa huko, sema. Hati yao inaitwa Registo Criminal, iko kwa Kireno, na itahitaji tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Nakusihi usivuke Kilambo au Mtambaswala kwenda kuitafuta mwenyewe kwa njia za mkato. Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, imekuwa na mashambulizi tangu Oktoba 2017, na hakuna kazi ya ualimu yenye thamani ya roho yako. Anzia ubalozi wa Msumbiji Dar es Salaam.

Kama umewahi kushitakiwa, usijifiche. Niliwahi kuulizwa na kijana aliyekuwa na kesi ya ugomvi wa mpirani, akaachiwa na mahakama, kama aseme au anyamaze. Nilimwambia aende mahakama ile akaombe nakala ya hukumu iliyothibitishwa, aiambatanishe, na aiandikie shule aya moja fupi ya maelezo: lini, nini, mahakama iliamua nini. Kesi ambayo bado inaendelea, subiri iishe kwanza. Makosa madogo ya zamani shule huyapima, na baadhi huyasamehe. Kilichofichwa kikigundulika, kazi imekwenda, na viza inaweza kwenda nayo. Aliye na hukumu ya kumdhuru mtoto asiombe kazi hii hata kidogo, wala asitafute nchi yenye uchunguzi legelege. Kwake sina ushauri mwingine.

Kuhusu mawakala nitasema machache. Wakala halali wa kazi za nje ana leseni, na unaweza kuulizia TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira, kabla hujampa hata nakala ya pasipoti. Anayekuambia atakutengenezea cheti cha polisi bila wewe kutoa vidole anakuuzia hati ya kughushi, na jina litakaloandikwa kwenye hati hiyo ni lako. Nilimwona mama mmoja wa Mikindani akiuza kiwanja amlipe wakala wa namna hiyo kwa ajili ya mwanawe. Shule ilipoandika kuuliza, cheti kile hakikujulikana polisi. Fedha haikurudi. Na yeyote anayetaka pasipoti yako halisi ikae kwake "mpaka mambo yakamilike", mnyime.

Cheti kikishatoka, kisome palepale dirishani, kabla hujatia sahihi ya kupokea: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, tarehe ya kutolewa. Makosa ni rahisi kurekebishwa ukiwa bado umesimama mbele ya karani. Kiskani kwa rangi, pande zote mbili, kwa ubora wa kutosha muhuri usomeke. Mashine za steshenari nyingi zimewekwa ubora wa chini ili zifanye kazi haraka, kwa hiyo mwambie mwenye mashine aongeze. Tuma nakala kwenye barua pepe yako mwenyewe. Halisi iweke kwenye bahasha ngumu, ndani ya mfuko wa nailoni, na ukisafiri na basi iwe mkononi, isiingie buti.

Na ukishafika huko, ukafundisha, mkataba ukakaribia mwisho, omba cheti cha jinai cha nchi hiyo kabla hujaondoka. Kipitishe hatua zote: tafsiri, mihuri, ubalozi. Mimi nilichukua cha Vietnam nikiwa bado nina kibali cha kazi na namba ya simu ya kule, na mhasibu wa shule akanisindikiza hadi ofisini. Ukiwa umesharudi Mtwara, kukitafuta cheti hicho kwa simu na barua pepe, kwa lugha ya watu, ni kazi ngumu, na shule ya pili itakidai kabla haijakuuliza lolote kuhusu ufundishaji wako.